Wakiondoa ambulensi, ulizeni saa

Mkiambiwa ambulensi inahamishwa "lakini huduma itabaki ileile", msibishanie idadi ya magari. Gari lisilo na dereva wa zamu ya usiku, mafuta wala oksijeni ni bati tu. Ulizeni: kati ya saa 168 za wiki, ni saa ngapi lina wahudumu wawili walio tayari kuondoka?

Halafu kuna huu wastani wa muda wa kufika, ambao wakubwa wanaupenda mno. Chukua simu kumi: nane zimefikiwa kwa dakika 8, mbili za pembezoni kwa dakika 50. Wastani ni dakika 16 na ushee, ripoti inapendeza, na wa pembezoni hawaonekani kabisa. Daini muda ambao simu 9 kati ya 10 hufikiwa, kila eneo peke yake, na saa ihesabiwe tangu simu ipokelewe, si gari linapowashwa.

Moyo ukisimama, kila dakika bila kukandamizwa kifua wala mashine ya kushtua moyo hupunguza uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Na hata gari likifika, mtungi mdogo wa oksijeni wa lita 340, ukifunguliwa lita 10 kwa dakika, huisha kabla ya dakika 35. Hospitali ikiwa mwendo wa dakika 50, hesabu imegoma.

Andikeni barua kwa ofisi inayoidhinisha bajeti, nakala yenu ipigwe muhuri wenye tarehe. Ombeni daftari la zamu na la safari za miezi 12 iliyopita, si muhtasari.