Nilivyochagua printa ya kusafishia picha nyumbani, Moshi

Huku kwetu Moshi picha za kipaimara haziishii kwenye simu. Bibi anataka yake ya fremu, mama wa ubatizo anataka yake, na babu wa Kibosho hataki hata kusikia habari za WhatsApp. Nikaona ninunue printa niwe nasafisha mwenyewe.

Madukani wauzaji walinisifia kasi tu. "Kaka, hii inatoa kurasa hadi uchoke." Mimi sichapi mitihani. Nikawa natembea na flashi yenye picha moja: mpwa wangu, mweusi wa kung'aa, ndani ya gauni jeupe, kasimama kivulini. Picha ya namna hiyo inaiumbua printa yoyote. Kila duka nikaomba waitoe kwenye karatasi ileile niliyokuja nayo.

Printa za wino nne zilitoa shavu lenye chembechembe ukilisogeza karibu na jicho, na mikunjo ya gauni ikamezwa na weupe. Kwenye Epson L8050 mikunjo ilionekana yote. Hiyo ina wino sita: pamoja na nyeusi, njano, samawati na majenta, kuna samawati hafifu na majenta hafifu. Penye rangi nyepesi haihitaji kutawanya matone machache makali, inaweka wino mwepesi, ndiyo maana ngozi inatoka laini. Wino ni wa kujaza, chupa ya 70 ml kwa kila rangi. Printa za vikatriji, vile vikasha vya wino vya kubadilisha, sikuziangalia mara mbili, picha inakunywa wino karatasi nzima.

Karatasi nayo ina ujanja wake. Dondosha tone la maji mgongoni: likinywewa, hiyo ni ya bei rahisi, likibaki juu, ina plastiki pande zote mbili, chukua. Kisha kwenye kompyuta chagua aina ya karatasi inayong'aa. Ukiacha ya kawaida, rangi zinapwaya na utailaumu printa bure.

Vumbi la kiangazi na kukaa bila kazi ndivyo vinavyoziba nozo, yaani vitundu vya kutolea wino, kwa hiyo natoa japo picha moja ya rangi kila wiki. Naizima kwa kitufe chake, siyo ukutani, ili kichwa cha kuchapia kirudi kwenye kifuniko chake kisikauke. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi tu naiwasha na kuizima vizuri.

Mwisho wake ni A4. Wanaotaka A3 bado nawapeleka studio.