Nyusi za bibi na harusi ya Ngamiani

Mwaka 2013 mwezi wa 12 binamu yangu aliolewa pale Ngamiani, Tanga, na mimi ndo nilikuwa mpambe wake. Nilikuwa na miaka 20, nyusi nene zinakaribia kuungana katikati, ni za bibi mzaa mama hizo, mama anazo na mama wadogo wanazo, ila mi nilikuwa nazionea aibu tangu shule.

Harusi ilikuwa Jumapili. Jumanne jioni tukaenda kundi zima saluni, mmoja anasuka, mwingine kucha, mi nikakaa kutindwa nyusi. Dada akachukua wembe akakwangua juu akakwangua chini, anasawazisha huku anarudi kule, kuja kujitazama kwenye kioo umebaki uzi, na mkia wa kushoto haupo kabisa. Akasema usijali ngoja nizipake piko, ile hina nyeusi ya kuchorea, zikae nyeusi, shilingi 3,000 tu. Ikaanza kuwasha pale pale nikamwambia, akasema ni kawaida vumilia, nami nikavumilia. Na kweli nilitakiwa nishtuke, maana Idd iliyopita nilichorwa piko mkononi pakawasha wiki nzima, ila sikuunganisha hayo mambo mawili.

Jumatano usiku sikulala kwa muwasho. Alhamisi asubuhi macho hayafunguki, juu ya macho vipele vya maji vinatoa majimaji, kope zimegandana. Mama akanishika mkono kama kipofu mpaka zahanati. Daktari kitu cha kwanza aliuliza umepaka nini. Ndo akanieleza kwamba hina yenyewe, yale majani, inatoa rangi nyekundu ya kahawia basi, ukiona imekuwa nyeusi ti ujue kuna kitu kimeongezwa, na mara nyingi ni kemikali ya dawa za kupaka nywele rangi inayoitwa PPD, na ngozi ikishaikataa haisahau tena, hata dawa ya nywele nyeusi nisipake maisha yangu yote. Akanipa vidonge vya aleji na krimu, akasema usiguse, usichokonoe, nywele zitarudi zenyewe lakini hesabu kama miezi 4.

Miezi 4 na harusi Jumapili jamani! Nililia sana.

Bibi akaja kutoka Pangani Ijumaa na kikapu chake cha nazi. Nikamwamkia shikamoo kichwa nimeinamisha, akaninyanyua kidevu akatazama kimya muda mrefu, halafu akasema, "Mke mwenza, umezifanyaje nyusi zangu?" Hakunigombeza zaidi ya hapo. Alikuwa akisema enzi zao mwari hatindwi nyusi mpaka siku anayoolewa, na hata siku hiyo anatindwa na somo wake, yule mwanamke anayemfunda, anayemjua uso, si mtu wa kukutana naye leo. Akanikalisha ananikanda na kitambaa cha maji ya baridi, mafuta akakataa kunipaka mpaka ngozi ikauke kabisa. Jumapili nikasimama na bi harusi sijapaka chochote usoni, nimevaa ushungi umeshuka mpaka kwenye paji, asumini shingoni, na kwenye picha zote natazama chini.

Bibi akabaki kwetu mpaka mwezi wa 4 na hapo ndo nilijifunza kutunza nyusi na kope, na niseme ukweli gharama yake haifiki hata ile hela ya piko. Nazi tulikuna wenyewe, tui likachemka taratibu mpaka mafuta yakajitenga, yakatiwa kwenye kichupa safi. Usiku nanawa uso, kama nina wanja nautoa wote kabla ya kulala maana kope zikilala na wanja zinakauka na kukatika, halafu tone moja la mafuta kwenye kidole, napitisha kwenye nyusi, linalobaki ndo linagusa ncha za kope, macho yamefumbwa. Tone moja, ukizidisha yanaingia machoni unaona ukungu. Shangazi yeye aliniletea mafuta ya nyonyo akisema yanaotesha, nikapaka, zililainika lakini kuota ziliota kwa muda wake zenyewe kama daktari alivyosema. Mswaki mpya wa mtoto nilinunua sh 500, nachania nyusi kwenda juu, kimkasi kinapunguza zile zinazoning'inia tu. Kibano mara moja moja baada ya kuoga ngozi ikiwa laini, navuta zile zilizopotea kule chini, juu sigusi. Na kope kuzikunja ni kijiko cha chai tu, unakichovya maji ya vuguvugu unakifuta unazisukumia kwenye ukingo wake, ukijaribu kwanza mkononi kisiwe cha moto.

Mwezi wa 2 vilitoka vinywele kama vya mtoto mchanga. Kila Ijumaa bibi ananiita barazani kwenye mwanga ananipitishia dole gumba kuanzia katikati mpaka mwisho, na Ijumaa moja mwezi wa 4 akasema basi, kesho narudi Pangani.

Mkia wa kushoto una pengo dogo mpaka leo. Nalijaza na wanja wa penseli, vistari vitatu vidogo kufuata nywele zinapoelekea, na pale katikati zinapokaribia kuungana sipagusi.