Nusukaputi kwa mbwa na paka: hatari haiishi uzi wa mwisho ukifungwa

Wengi huogopa dawa yenyewe. Lakini utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta vifo vya mbwa 17 hivi na paka 24 katika kila 10,000 waliolazwa kwa dawa, na karibu nusu ya vifo vya mbwa, zaidi ya nusu kwa paka, vilitokea baada ya upasuaji. Vingi vilikuwa ndani ya saa 3 za kwanza.

Maandalizi yanajulikana: mnyama apimwe uzito siku hiyohiyo, damu ichunguzwe, tumbo liwe tupu asije akatapika na matapishi yakaingia mapafuni. Sungura hanyimwi chakula, maana hawezi kutapika na utumbo wake ukikosa chakula hulegea. Kanula (kijimrija cha plastiki cha mshipani) huwekwa mapema na kubaki mshipani mpaka mnyama azinduke. Propofoli, dawa ya kulaza, husukumwa humo polepole. Ukiiharakisha, pumzi hukatika.

Kwenye mrija wa hewa, unaopitishwa kooni, ndiko makosa hujificha. Zoloto la paka, mlango wa bomba la hewa, hujikaza likiguswa, kwa hiyo hunyunyiziwa ganzi ya lidokeini kidogo (kiasi cha mililita 0.1 ya asilimia 2), kisha husubiriwa sekunde 30 hadi 60. Puto la mrija hujazwa mpaka hewa iache kuvuja tu. Likizidi, au paka akigeuzwa ubavu huku mrija umeunganishwa na mashine, bomba lake la hewa linaweza kuchanika. Tenganisha mrija na mashine kwanza, ndipo umgeuze.

Kibaya zaidi ni vali ya kutolea hewa kwenye mashine. Hufungwa kwa muda mfupi wakati wa kupima uvujaji, halafu mtu anaitwa, anasahau. Shinikizo hupanda, damu hairudi moyoni, mapafu hupasuka. Ni suala la dakika. Dawa yake ni tabia: mkono mmoja ukibana mfuko wa hewa wa mashine, wa pili hauachi vali mpaka ifunguliwe.

Oksijeni kwenye damu isishuke chini ya asilimia 95, wastani wa presha usipungue 60. Hayo huandikwa kila dakika 5, na anayeandika asiwe ndiye anayepasua. Joto nalo hudharauliwa mno. Mwili uliopoa huhitaji isofluraini (dawa ya usingizi inayovutwa) pungufu, kwa hiyo kipimo kilichokuwa sahihi mwanzoni hugeuka kuwa cha kupita kiasi bila mtu kugusa kitufe.

Mrija hutolewa mnyama akianza kumeza. Mbwa wenye pua bapa hungojewa zaidi, hadi wainue kichwa na kuukataa wenyewe, kwa kuwa koo lao huziba kirahisi wakiwa bado wamelewa dawa.

Unapompeleka wako, uliza: nani atakaa naye mrija ukishatoka, na kwa muda gani? “Tutakuwa tunamchungulia” si jibu.