Mirathi ya babu, Ujiji

Kikao cha mirathi ya babu kimefanyika jana. Shamba la michikichi limegawanywa vizuri, alhamdulillah. Mvutano umekuja kwenye miembe ya uani. Baba mdogo anataka ikatwe, ajenge vyumba vya kupangisha. Imenichoma moyo. Njia ya watumwa na pembe za ndovu, kutoka Bagamoyo kupitia Kwihara, Tabora, hadi hapa kwetu, iko kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, na miembe mikongwe ndiyo alama yake. Shina moja pale uani watu wawili hatulikumbatii tukafikiana mikono! Shangazi ameniunga mkono, kikao kimeahirishwa. Ndugu mlioko Dar, mpigieni baba mdogo, kwa adabu, kabla ya Ijumaa.