Nani hubadilishiwa taa ya mtaa kwanza?

Utaratibu wa mji unaweza kubagua bila kutaja rangi ya mtu popote. Tazama taa za barabarani za Seattle, Marekani. Shirika la umeme la mji huo, Seattle City Light, lilikuwa likibadilisha balbu baada ya mkazi kupiga simu kulalamika. Kwa macho ni haki tupu: aliyetangulia ahudumiwe. Ila anayepiga simu ni yule anayejua namba, ambaye Kiingereza hakimtishi, na anayeamini kwamba akilalamika atasikilizwa. Mitaa ya Weusi na wahamiaji hukaa gizani zaidi kwa mpango wa namna hiyo, hata kama hakuna afisa hata mmoja mwenye nia mbaya. Dawa iliyotumika ni kuacha kungoja malalamiko na kubadilisha balbu kwa mzunguko, kufuata umri wake.

Hayo yalitokana na mpango wa haki ya rangi ulioanzishwa mwaka 2004 chini ya Meya Greg Nickels. Mpango huo una mwongozo wa hatua sita kwa idara: kutaja matokeo yanayotakiwa, kushirikisha wakazi na kuchambua takwimu, kupima nani anafaidi na nani anaumia, kurekebisha, kufuatilia, kisha kutoa ripoti.

Hatua ya kwanza ndiyo huharibiwa zaidi. "Kuboresha huduma kwa wote" hakupimiki. "Siku za kusubiri kusini mwa mji zilingane na za kaskazini" kunapimika. Chukua kumbukumbu za maombi ya miezi 12, ziweke kwenye ramani, halafu hesabu mambo mawili kila moja peke yake: maombi yaliyoletwa, na siku zilizopita hadi kazi ikaisha. Ukitazama siku pekee utadanganyika, kwa kuwa mtaa usiolalamika huonekana hauna shida. Lazima mtu atumwe usiku akahesabu taa zilizokufa.

Takwimu za rangi nazo zina mtego. Kisanduku kimoja cha Weusi kwenye fomu humchanganya mjukuu wa familia iliyonyimwa mkopo wa nyumba enzi za ramani za mistari myekundu za miaka ya 1930, zilizotia alama mitaa ya Weusi kuwa hatari kukopesha, na Mkongomani aliyefika juzi. Wote wanaweza kubaguliwa na mwenye nyumba yuleyule, lakini wa pili anahitaji pia mkalimani wa Kiswahili. Basi fomu iulize na lugha ya nyumbani. Na kipeperushi cha Kiswahili chenye namba ya simu inayopokelewa kwa Kiingereza tu, kwa maoni yangu, ni karatasi iliyopotea bure.

Kwenye ajira na zabuni kuna kizingiti cha sheria. Jimbo la Washington lilipitisha kwa kura mwaka 1998 sheria ya I-200, inayokataza serikali kumpendelea mtu kwa rangi yake katika ajira, mikataba na elimu ya umma. Seattle ikapitia mlango mwingine: tangu 2015, katika miradi mikubwa ya ujenzi ya mji, ya kuanzia dola milioni 5, mkandarasi hutakiwa kutoa sehemu ya kazi kwa mafundi wanaoishi kwenye misimbo ya posta (namba zinazotambulisha maeneo) yenye hali ngumu ya kiuchumi. Njia hii ina udhaifu wake. Kodi za nyumba zikipanda, maskini huhama na wenye kipato huingia, lakini msimbo ni uleule. Orodha isipopitiwa mara kwa mara, nafasi zitawaendea wasiokusudiwa.

Halafu kuna suala la kalenda, ambalo huua kazi nzuri kuliko yote hayo. Meya wa Seattle hupeleka bajeti barazani mwishoni mwa Septemba. Uchambuzi unaofika Oktoba ni pambo, maana mgawanyo wa fedha umeshapendekezwa. Uchambuzi unatakiwa uwe mezani idara zinapoandika maombi yao ya fedha, miezi kadhaa kabla, ukiwa na jina la afisa atakayeulizwa pengo lisipopungua.