Taarifa ifike kabla ya mama

Watu wengi wakisikia m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na vichanga hapa Tanzania, wanafikiria gari tu, yani mama kazidiwa, unapiga 115, gari linakuja, basi. Mi ni mkunga zahanati ya kijijini huku kanda ya ziwa, na kinachonipa moyo zaidi ni kwamba hospitali wanajua mama anakuja kabla hajafika.

Zamani rufaa ilikuwa karatasi. Mama kajifungua salama, mara damu hiyo, umeshampa oksitosini ya kuzuia damu, umeweka dripu, unakanda tumbo na damu haikati, mume yuko nje anabembelezana na mwenye gari anayetaka hela ya mafuta kwanza, saa nane usiku hela anaitoa wapi jamani? Mkifika hospitali mgonjwa kashalegea, ndo kwanza karatasi isomwe, ndo kwanza daktari atafutwe, ndo kwanza damu iulizwe maabara.

Sasa hivi napiga 115, bure hata kama sina salio, anapokea muuguzi wa kituo cha uratibu, ananiuliza presha, mapigo, damu imetoka kiasi gani. Ambulansi ikiwa mbali anamtafuta dereva jamii wa karibu, yani mwenye gari wa huku huku aliyesajiliwa kwenye mfumo, na huyo dereva hamdai mume hata mia, akishamfikisha mama na safari ikathibitishwa hela yake inaingia kwenye simu. Na sie huku tukihangaika kumpandisha mama kwenye gari, kule hospitali wameshaambiwa wajiandae.

Mfumo ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga, alafu 2022 Rais Samia akauzindua kwa ajili ya nchi nzima. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulionyesha vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukaonyesha 104. Sio simu peke yake, vituo vya afya vingi vimejengewa vyumba vya upasuaji, ila theatre bila usafiri inamsaidia nani?

Sasa ninachokililia ni taarifa ya kurudi. Mama akiruhusiwa anarudi kijijini kwangu, na mi sijui kaongezewa damu au la, kafanyiwa oparesheni gani, na mara nyingi na yeye hakuelezwa vizuri. Meseji moja tu siku ya kuruhusiwa inatosha: kafanyiwa nini, anatumia dawa gani, arudi kliniki lini, na mimba ijayo akajifungulie wapi.