Land Rover ya Zamani na Mfuko Wenye Mpaka

Anayependa magari ya zamani hapa Arusha anaishi karibu mno na kishawishi chake. Biashara ya utalii imeufanya mji huu kuwa makao ya mafundi wanaoweza kukata Land Cruiser, kurefusha chesisi yake, yaani fremu inayobeba bodi, na kuinua paa lake ili wageni wasimame watazame wanyama, na jirani nao wapo wauza vipuri vya mtumba ambao ukiwatajia Land Rover watakuuliza tu unataka kifaa cha upande gani. Baada ya tamasha la Land Rover la Oktoba 2024, lililojaza barabara zetu magari ya aina hiyo, wengi wetu tulirudi nyumbani na orodha ndefu ya vitu vya kununua. Ninaipenda shughuli hii kwa dhati, na kwa sababu hiyohiyo naona inahitaji nidhamu ya fedha kuliko hata jikoni, kwani jikoni kuna kushiba.

Gari langu ni Land Rover Series III, toleo lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, lenye injini ya petroli ya lita 2.25. Sehemu kubwa ya bodi yake ni aluminiamu, ambayo haishikwi na kutu kama chuma, ilhali chesisi inayoibeba ni chuma. Jambo hilo moja linaamua fedha iende wapi, kwa maana gari linaweza kung'aa kwa rangi mpya huku chesisi ikiwa imeliwa na kutu, hasa sehemu zinazoshikilia springi na kila kona inayotunza tope. Fundi makini huigonga chesisi kwa nyundo ndogo na kusikiliza: penye chuma kizima hulia, penye kutu hutoa sauti butu. Kabla fundi hajafanya hivyo, sioni sababu ya kuzungumza naye habari za rangi, keria wala taa za nyongeza.

Utaratibu wangu wenyewe ni mwepesi kuueleza, ingawa kuufuata kunahitaji moyo. Mshahara ukiingia, hutangulia kodi ya nyumba, ada za watoto na chakula, kisha kiasi tulichokubaliana na mke wangu huenda kwenye laini ya simu ambayo haina kazi nyingine isipokuwa gari. Humo hutoka vipuri, ufundi na petroli pia. Petroli nimeiweka humo kwa makusudi, kwa sababu wapenzi wengi wa magari huihesabu kuwa matumizi ya nyumbani, na hivyo hawajui gharama halisi ya kwenda Moshi na kurudi, mwendo wa kilomita zipatazo 160, kwa injini ya zamani inayokunywa mafuta. Sehemu ya fedha hiyo haiguswi mpaka gari liharibike. Salio likiisha, gari hupumzika, na mkopo wa simu kwa ajili ya kipuri cha kujifurahisha siukubali hata kama ni mdogo.

Dukani nauliza bei ya kipuri halisi, cha kuiga na cha mtumba, naziandika kwenye daftari, kisha naondoka bila kununua hadi mwezi unaofuata. Muuzaji atasema kimebaki kimoja, na pengine dukani kwake ni kweli, lakini vipuri vya Series III bado vinatengenezwa na viwanda mbalimbali, kwa hiyo haraka hiyo haina msingi. Kilicho cha haraka ni breki, usukani na tairi lililokwisha, maana hapo kuna uhai wa watu, na kwa hivyo sisubiri mwezi mwingine.

Kwa sasa fedha inakwenda kwenye kuchomelea boriti ya nyuma ya chesisi na kubadilisha mabomba ya breki. Viti vimechanika, navyo vitavumilia. Rimu ambazo mwanangu anazitamani nimeziandika kwenye daftari lile la bei, chini ya matairi.